Liko Wapi Gitaa la Umeme?

Mazungumzo ya juma hili yametokana na kijana mmoja aliyenijia nyumbani Jumapili iliyopita na magitaa mawili, moja kavu na moja la umeme. Baada ya shikamoo na marahaba aliketi barazani akanieleza lililomleta. Kwa miaka minne amekuwa akipiga gitaa kavu katika hoteli moja ya watalii. Siku ya kwanza alikwenda pale na gitaa la umeme, maana ndilo alilojifunzia katika bendi ya mtaani kwao. Lakini meneja akamwambia kwamba wageni hawakusafiri mbali namna ile kuja kusikia kelele walizoziacha kwao; wanataka kitu cha asili, cha Kiafrika. Basi akanunua gitaa kavu, akavaa shati la kitenge, akaketi chini ya mnazi. Sasa mkataba umekwisha na bendi yake ya zamani inamwita. "Mzee," akaniuliza, "nikirudi kwenye umeme, si watasema nimeitupa asili?"

Mimi nilicheka kidogo, si kwa kumdharau. Nilicheka kwa sababu ya hilo neno asili, kana kwamba gitaa kavu lilichimbuliwa na babu zetu kutoka ardhini kama muhogo. Na hata huo muhogo nao ulitoka Amerika! Kisha nikamsimulia habari za mtu mmoja ambaye aliulizwa swali hilo hilo mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa amekosea jibu.

Mtu huyo ni marehemu McKinley Morganfield, ambaye dunia inamjua kwa jina la Muddy Waters, yaani maji ya matope. Jina la Muddy alipewa na bibi yake aliyemlea, kwa vile alipokuwa mtoto alipenda kuchezea matope. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa mwaka 1915, lakini waliochunguza habari zake wanaelekea kwenye 1913. Alikulia katika shamba la pamba la Stovall, karibu na mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi huko Marekani. Watu weusi walikuwa wakilima pale ardhi isiyo yao na kugawana mavuno na mwenye shamba, na mara nyingi mwisho wa msimu mkulima alijikuta ndiye anayedaiwa.

Alianza na kinanda cha mdomo. Alipofika umri wa miaka kumi na saba hivi, aliuza farasi wa mwisho wa nyumbani kwao kwa dola 15, akampa bibi nusu, na katika nusu yake akatoa dola 2 na senti 50 kununua gitaa. Mtindo alioupenda ulikuwa ule wa kuvaa shingo ya chupa kidoleni na kuitelezesha juu ya nyuzi, mpaka gitaa likalia kama mtu. Aliusikia kwa mzee mmoja wa sehemu zile aitwaye Son House, na vilevile katika santuri za Robert Johnson.

Mwishoni mwa Agosti 1941 ilifika pale Stovall gari yenye mtambo wa kurekodi. Ndani yake alikuwamo mzungu aitwaye Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na pamoja naye mtaalamu mweusi wa muziki, John Work, kutoka Chuo Kikuu cha Fisk. Lomax alikuwa anamsaka Robert Johnson, kumbe Johnson alikuwa amekwisha kufa tangu 1938. Wakaelekezwa kwa Muddy. Naye kwanza alishuku kwamba ni maofisa waliokuja kumkamata kwa kosa la kuuza pombe ya magendo, kazi ambayo kwa kweli alikuwa akiifanya. Alipotulia, akaimba. Kisha akasikilizishwa sauti yake mwenyewe ikitoka mtamboni, na kwa maneno yake ya baadaye hapo ndipo alipojua kwamba anaweza kweli. Baadaye alitumiwa dola 20 na nakala mbili za santuri.

Sikilizeni vizuri jambo hili, maana ndilo lililonifanya nimtaje Lomax. Yeye alikuja kutafuta muziki wa mashambani usiochanganyika na kitu. Lakini mkulima huyu, alipoulizwa ni nyimbo gani anazopiga katika karamu, alitaja pia nyimbo za Gene Autry, yule mwimbaji wa sinema za makoboi, na nyimbo za mtindo zilizovuma redioni. Kwa Muddy, vyote vilikuwa vitu vya Jumamosi usiku. Waliokuja na mtambo ndio waliokwenda na chujio.

Sisi nasi tunazijua habari za namna hiyo. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Katanga, mji ambao sasa unaitwa Likasi, na lile gitaa kavu lenye kuimbiwa Kiswahili likasikika mpaka ng'ambo. Mwenda naye alikuwa kijana wa mjini, siyo wa kijijini. Lakini turudi Mississippi.

Mwaka 1943, Muddy alikuwa akiendesha trekta kwa senti 22 na nusu kwa saa. Akaomba aongezwe, afikishiwe senti 25. Msimamizi wa shamba alikasirika kana kwamba ameombwa shamba zima. Basi mwezi Mei, Muddy akapanda garimoshi kwenda Chicago, akapata kazi katika kiwanda cha karatasi, na usiku akawa anapiga gitaa kwenye karamu za majumbani na katika vilabu vya pombe vya upande wa kusini wa mji.

Hapo ndipo umeme ulipoingia, na uliingia kama jembe linavyoingia shambani, kwa sababu ya kazi. Kilabu cha Chicago Jumamosi usiku kilijaa wafanyakazi wa viwanda vya nyama na vya chuma, wamepokea mshahara, wanakunywa, wanagombana, wanacheka. Gitaa kavu likipigwa pale hata mpigaji mwenyewe hajisikii. Mjomba wake alimpatia gitaa la umeme, mnamo 1944 au 1945.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi hudhani gitaa la umeme ni gitaa kavu lililoongezwa sauti tu. Sivyo. Katika gitaa kavu, uzi unatikisa ubao, ubao unatikisa hewa iliyomo ndani, na sauti inatoka tundu lile ikiwa imekwisha kuchoka. Ukiutaka uzi udumu huna budi kuukamua. Katika gitaa la umeme, chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi ukitikisika unachokoza ile sumaku, na katika waya unazaliwa umeme mdogo sana, ambao amplifaya inaukuza. Kwa hiyo hata mguso wa ncha ya kidole unasikika, na uzi hulia kwa muda mrefu. Muddy alisema baadaye kwamba kwenye gitaa kavu mtu anaweza kukosea mengi asijulikane, lakini lile la umeme linasema kila kitu ulichokifanya. Ilimbidi ajifunze upya. Mimi mwenyewe nilipokuwa shule niliwahi kushika gitaa la umeme la bendi iliyokuja kutumbuiza, na nilichogundua kwa dakika tano ni kwamba sikujua kunyamazisha nyuzi nisizozihitaji. Nikalirudisha kwa adabu.

Mwaka 1948, Muddy alirekodi katika kampuni ya Aristocrat wimbo uitwao "I Can't Be Satisfied", yeye na gitaa lake la umeme, na mwenzake mmoja wa bezi. Santuri zile zilinunuliwa zikaisha mara moja. Inasimuliwa kwamba mwenye duka alikuwa akimwuzia kila mtu moja tu, hata Muddy mwenyewe akashindwa kupata ya pili. Ulikuwa ni wimbo wa Mississippi uleule, ile shingo ya chupa ileile, ila sasa ilikuwa na nguvu ya mji. Watu waliohama mashamba kama yeye walijisikia humo. Kampuni ile, chini ya ndugu wawili Leonard na Phil Chess, waliokuwa wahamiaji kutoka Poland, ikageuzwa jina mwaka 1950 ikaitwa Chess. Na Muddy akaunda bendi ambayo wengi wanaiona ndiyo mama wa bendi zote za bluzi ya Chicago, Little Walter akiwa kwenye kinanda cha mdomo, Jimmy Rogers kwenye gitaa la pili, na baadaye Otis Spann kwenye piano.

Sasa tuvuke bahari. Oktoba 1958, Muddy na Spann walialikwa Uingereza na Chris Barber, mpigaji wa jazi. Waingereza walikuwa wanaijua bluzi, au walidhani wanaijua, kwa sababu tangu 1951 alikuwa akiwatembelea Big Bill Broonzy, aliyekaa juu ya kiti na gitaa kavu na kuimba nyimbo za mashambani. Alikuwa amefariki Agosti mwaka ule ule. Ambacho wengi hawakukijua ni kwamba Broonzy alikuwa mtu wa Chicago miaka mingi, mvaa suti, aliyerekodi na bendi zenye piano na ngoma. Tangu alipopanda jukwaa la Carnegie Hall mwaka 1938 na kutambulishwa kama mkulima aliyetoka shambani, alielewa kwamba wazungu wanamtaka mkulima, naye akawapa mkulima. Simlaumu. Mtu anakula alipopatia sahani.

Muddy hakuwa ameambiwa. Alifika Leeds na gitaa lake la umeme aina ya Telecaster, akafungua sauti kama alivyozoea kwa walevi wa Chicago. Watazamaji wengine walifurahi, lakini wengine waliziba masikio, na magazetini yakaandikwa mambo ya gitaa linalopiga mayowe. Mtu huyu alishangaa sana. Katika ziara ile ilimbidi apunguze sauti, na akarudi kwao akiwa na hakika moja, kwamba ng'ambo wanataka gitaa kavu.

Na Marekani nako upepo ulikuwa unaelekea huko huko. Mwanzoni mwa miaka ya sitini wanafunzi wa vyuo vikuu, wazungu, walizipenda mno nyimbo za kimapokeo, na kwao umeme ulikuwa ishara ya biashara na uongo. Kampuni ya Chess haikuwa na nia ya kuiacha fedha hiyo ipite. Septemba 1963 wakamwingiza Muddy studio arekodi santuri nzima bila umeme, ikaitwa "Folk Singer". Buddy Guy ana hadithi yake juu ya siku ile. Anasema Leonard Chess alimwomba Muddy atafute mzee mmoja wa kule Mississippi anayejua mtindo wa zamani, naye Muddy akaja na Buddy Guy, kijana wa miaka 27 aliyevuma kwa kuruka jukwaani na gitaa la umeme. Chess akafoka. Muddy akasisitiza ndiye huyuhuyu. Kijana akakaa akapiga kwa upole kama aliyezaliwa pamoja na bibi yake Muddy, na wote wakanyamaza.

Santuri ile ni nzuri, msije mkanielewa vibaya. Unasikia kidole kikisugua uzi, unasikia mwimbaji akivuta pumzi. Kama kuna mtu anayedhani Muddy aliitegemea amplifaya kuficha udhaifu wake, na aisikilize.

Basi Oktoba ya mwaka ule ule wa 1963, Muddy akaenda Ulaya tena, pamoja na msafara wa wanamuziki wa bluzi ulioandaliwa na Wajerumani wawili, Horst Lippmann na Fritz Rau. Safari hii alijiandaa vizuri. Alibeba gitaa kavu. Alipopanda jukwaani Uingereza, akapiga kwa sauti ya chini, kama walivyomtaka miaka mitano nyuma. Na vijana wakaanza kuuliza: liko wapi gitaa la umeme? Iko wapi amplifaya?

Kijana wangu pale barazani aliposikia hayo alicheka mpaka akakohoa. Lakini mwenzetu yule hakuona cha kuchekesha. Mwaka 1958 alikosea kwa kuleta umeme, na mwaka 1963 alikosea kwa kuuacha.

Kilichotokea ni kwamba katika miaka ile mitano kilikuwa kimekua kizazi kingine cha Waingereza, ambacho hakikumjua Broonzy kwanza. Kilijifunza bluzi kwa kununua santuri za Chess zilizokuja kwa meli, zenye umeme wake na kelele zake. Mwaka 1962 vijana kadhaa wa London walikuwa wameanzisha bendi wakaipa jina kutokana na wimbo wa Muddy wa mwaka 1950; ndio hao Rolling Stones. Vijana kama hao walitaka kumwona mtu wa kwenye santuri, siyo mkulima. Mei 1964 televisheni ya Granada ilifanya onyesho la bluzi katika stesheni ya garimoshi iliyokwisha kufungwa mjini Manchester, Muddy akiwa miongoni mwao. Mvua ilikuwa imenyesha, na Sister Rosetta Tharpe, mama wa nyimbo za Injili, akavaa koti lake, akachukua gitaa la umeme na kuliliza kweli kweli. Hakuna aliyeziba masikio.

Muddy akarudi kwenye umeme wake. Lakini ugomvi ule haukuishia hapo, ulihamia Marekani, na katikati yake tunamkuta mtu tuliyekwisha kumsahau. Julai 1965, katika tamasha la nyimbo za kimapokeo la Newport, ilikuja bendi ya Paul Butterfield kutoka Chicago, yenye wazungu na weusi, wapiga umeme. Aliyepewa kazi ya kuwatambulisha ni Alan Lomax, yule yule wa Stovall. Aliwatambulisha kwa kejeli kiasi kwamba Albert Grossman, wakala aliyekuwa akiitaka bendi ile, alimfuata alipotoka jukwaani na watu wazima wawili wakapigana ngumi mchangani. Siku iliyofuata Bob Dylan akapanda na gitaa la umeme, akazomewa, na mpaka leo watu wanabishana ilikuwa ni kwa sababu ya umeme, au kwa sababu vyombo vilisikika vibaya, au kwa sababu alipiga nyimbo chache. Nyuma yake, kwenye ngoma na bezi, walikuwapo Sam Lay na Jerome Arnold, watu weusi wawili waliopikwa katika vilabu vya Chicago. Kilichozomewa kama usaliti kilikuwa ni muziki wa mtani wa Muddy, Howlin' Wolf, aliyekuwa tajiri wao wa zamani.

Nilipofika hapo, kijana akasema, "Basi mzee, jawabu ni umeme." Nikamwambia ngoja kwanza, mwanangu.

Mwaka 1968 kampuni ilipoona vijana wote wamehamia kwenye roki ya makelele, Marshall Chess, mtoto wa Leonard, alimweka Muddy mbele ya wapigaji wengine kabisa, wenye vifaa vya kulikoromesha gitaa na kulifanya lilie kama mtoto mchanga. Wakatoa santuri iitwayo "Electric Mud". Mwanzoni iliuzwa vizuri. Wachambuzi wakaiponda. Muddy mwenyewe aliitukana kwa neno ambalo siwezi kulitamka redioni, na lalamiko lake lilikuwa la fundi: ikiwa nyimbo za kwenye santuri huwezi kuzipiga jukwaani na bendi yako, santuri hiyo ni ya nini? Wako siku hizi vijana wanaoipenda sana ile santuri. Si neno, kila mtu na sikio lake. Lakini angalieni: ndani ya miaka mitano kampuni ile ile ilikuwa imempokonya umeme wote, kisha ikammwagia umeme kuliko aliouhitaji, na mara zote mbili ilisema inawafuata vijana.

Mwaka 1969 alipata ajali mbaya ya gari na tangu hapo mara nyingi alipiga akiwa ameketi. Chess ikauzwa, ikadidimia. Halafu, umri umekwisha kupita miaka sitini, akampata Johnny Winter, mpigaji gitaa kutoka Texas aliyekua akizisikiliza santuri zake. Winter alimkusanyia watu wanaomjua, James Cotton kwenye kinanda cha mdomo na Pinetop Perkins kwenye piano, akawaweka chumba kimoja wapige kwa pamoja kama wako kilabuni. Mwaka 1977 ikatoka "Hard Again", ikapata tuzo ya Grammy. Ni santuri ya umeme kutoka nyuzi mpaka spika, watu wanapiga kelele za furaha nyuma ya mzee.

Isipokuwa katikati yake. Humo ndani Muddy ameurudia wimbo wake wa 1948, "I Can't Be Satisfied", ule aliourekodi kwa umeme wakati Chicago inataka umeme. Safari hii Winter amechomoa waya, ameshika gitaa la chuma lisilo la umeme, lile la kizamani, na mzee anaimba juu yake huku anacheka. Hakuna meneja aliyewaambia. Wimbo ukiisha, bendi inawasha tena amplifaya.

Muddy Waters alifariki tarehe 30 Aprili 1983, nyumbani kwake karibu na Chicago. Ile Telecaster aliyokwenda nayo Leeds, ambayo baadaye aliipaka rangi nyekundu, alikuwa nayo mpaka mwisho.

Kijana aliniaga magharibi. Aliuliza kama anaweza kuliacha gitaa kavu kwangu kwa muda, maana mazoezi ya bendi yanaanza Jumanne na kwenye daladala magitaa mawili ni taabu. Nikamwambia aliache. Alipofika kwenye ngazi akageuka, akafikiri, akarudi kulichukua.